2.42: historia ya namba iliyotoka kwenye mfereji wa Munich

Leo tunaweka kando hifadhidata na seva, tunaingia majini. Wale mliokuja kutafuta mafunzo ya PHP mtanisamehe, hayo yatarudi.

Sisi tunaoandika programu tuna jina letu la namba inayokaa katikati ya mistari bila maelezo: namba ya kichawi. Nyingine hazisumbui. Ukikuta 86400 unajua hizo ni sekunde za siku moja. Ukikuta 0.01745 unakumbuka nyuzi na radiani, maisha yanaendelea. Lakini mwaka huu nilipewa jedwali la Excel la mhandisi wa maji nilibadilishe liwe programu, na ndani yake nikakutana na 2.42, na kando yake kipeo cha 4/3. Hakuna maelezo, hakuna jina la mtu. Nilipomuuliza mwenyewe akaniambia, "Hiyo ndiyo iko kwa kitabu." Nilipofungua kitabu, nikakuta kinasema iko kwa kitabu kingine.

Sasa, kwa nini nijali? Kwa sababu namba hiyo ndiyo inayoamua maji yatapanda kiasi gani mbele ya chekeche la vyuma lililosimamishwa katika mfereji. Kuta za mfereji hujengwa kwa kufuata hesabu hiyo. Zikiwa fupi, maji hayaulizi ni nani aliandika programu, yanaingia tu nyumbani kwa watu. Kwa hiyo nikaamua kuitafuta 2.42 mpaka kwao.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Mahali popote maji ya mto au mfereji wazi yanapoingia kwenye mtambo, bomba au kalavati, watu huweka fito za chuma zilizosimama sambamba, kama dirisha la duka la mtaani. Kazi yake ni kuzuia magogo, majani, chupa za plastiki na mizoga ya wanyama. Chekeche hilo linafanya kazi nzuri, lakini linatoza ushuru. Maji yakipita katikati ya fito yanabanwa, yanaongeza kasi, kisha yakitoka upande wa pili yanatawanyika na kujizungusha, na nishati fulani inapotelea kwenye mizunguko hiyo ikawa joto. Ukipima kimo cha maji mbele na nyuma ya chekeche utakuta tofauti. Hiyo tofauti ndiyo upotevu wa kimo, na ndiyo habari yetu ya leo.

Watu walijua jambo hili kitambo. Daniel Bernoulli alitoa kitabu chake cha Hydrodynamica mwaka 1738, na kutoka kwa kazi yake tumepata wazo kwamba kasi ya maji inaweza kuandikwa kama kimo: kasi kwa kipeo cha pili, gawanya kwa mara mbili ya mvutano wa dunia, yaani v²/2g. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yana "kimo cha kasi" cha sentimita 5 hivi. Mwaka 1766 Mfaransa Jean-Charles de Borda akaonyesha kinachopotea maji yanapotoka mahali pembamba na kuingia mahali papana ghafla: chukua tofauti ya kasi hizo mbili, ipandishe kwa kipeo cha pili, gawanya kwa 2g. Sentensi moja tu, na mpaka leo inatumika. Katikati ya karne ya 19 Julius Weisbach wa Freiberg akaleta desturi ambayo kila mhandisi anaijua: pindo la bomba, vali, mlango, chochote kile, kipe namba yake, zidisha kwa v²/2g, umepata upotevu. Namba yenyewe huipati kwa kufikiri. Unaipata kwa kupima.

Na ndipo tunafika Bavaria.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia jimbo hilo la kusini mwa Ujerumani lilikuwa na makaa ya mawe machache sana, lakini lilikuwa na mito inayoshuka kwa kasi kutoka milima ya Alps. Oskar von Miller, yuleyule mhandisi aliyeanzisha jumba la makumbusho la Deutsches Museum mjini Munich, alisukuma mradi mkubwa wa umeme wa maji wa Walchensee, ulioanza kazi mwaka 1924 ukitumia mporomoko wa mita 200 hivi. Katika miaka hiyohiyo maji ya mto Isar chini ya Munich yalikuwa yakigeuzwa kupita kwenye mfereji mrefu wenye vituo kadhaa vya umeme, na huko mporomoko kwa kila kituo ulikuwa mdogo zaidi. Hapo ndipo chekeche linapoanza kuuma. Ukiwa na mita 200, kupoteza sentimita 10 ni kama kudondosha shilingi kumi sokoni. Ukiwa na mita 10, sentimita 10 hizo ni asilimia moja ya umeme wako, mchana na usiku, mwaka mzima, na hakuna anayeziona.

Chuo cha ufundi cha Munich kilikuwa na taasisi ya hidroliki chini ya Dieter Thoma. (Waliosoma uhandisi wanalijua jina hilo kutokana na namba ya Thoma, ile ya viputo vinavyokula tabaini.) Mwaka 1926 taasisi ilianza kuchapisha taarifa zake, na katika toleo la kwanza kabisa kijana mmoja, Otto Kirschmer, akaeleza vipimo vyake juu ya upotevu wa kimo kwenye machekeche. Alikuwa amezaliwa 1898, kwa hiyo alikuwa na miaka 27 au 28. Umri wangu! Nami nimekaa hapa nabadilisha majedwali ya Excel.

Alichofanya kinaeleweka hata kwa mtu ambaye hajawahi kuingia maabara ya maji. Unajenga mfereji, unasimamisha fito, unapitisha maji kwa kasi unayoijua, unapima kimo mbele na nyuma. Kisha unabadilisha kitu kimoja tu na kurudia. Unene wa fito, nafasi kati yake, mlalo wa chekeche, umbo la fito. Sisi tungesema alikuwa akijaribu kigezo kimoja kwa wakati mmoja, jambo ambalo wengi wetu tunalisahau tukiwa tunawinda hitilafu saa nane usiku. Mwishowe akaandika hivi:

h = β × (s/b)^(4/3) × (v²/2g) × sin α

Hapo s ni unene wa fito, b ni nafasi kati ya fito mbili, v ni kasi ya maji kabla ya kufika kwenye chekeche, na α ni pembe ambayo chekeche linafanya na sakafu ya mfereji. Kipeo cha 4/3 hakikushuka kutoka kwenye nadharia yoyote. Ni mstari uliopita vizuri katikati ya vipimo, basi. Na β ni namba ya umbo la fito.

Alijaribu maumbo saba. Fito ya mstatili yenye kona kali ilipata 2.42. Hiyo hapo namba yetu! Ukiviringisha upande unaopokea maji inashuka hadi 1.83. Ukiviringisha pande zote mbili, 1.67. Nondo ya duara, 1.79. Kisha yanakuja maumbo yanayochongoka kuelekea nyuma kama samaki: 1.035, 0.92, na bora kuliko yote 0.76. Yaani kwa unene uleule na nafasi ileile, fito yenye umbo la samaki inapoteza chini ya theluthi moja ya inachopoteza fito ya mstatili. Sababu ndiyo ileile ya Borda. Kona kali inayasukuma maji kando, mkondo unabanwa kuwa mwembamba kuliko nafasi yenyewe, halafu unatawanyika ghafla nyuma. Ukiyapa maji njia laini ya kurudi pamoja, hayahangaiki.

Sasa jiulize kwa nini ukienda kwenye mitambo mingi bado utakuta fito za mstatili. Ni rahisi. Vyuma vya bapa vinauzwa kila mahali, fundi anavikata na kuchomelea siku hiyohiyo. Umbo la samaki linahitaji kiwanda. Na mashine ya kukwangua taka, ile inayopitisha meno katikati ya fito, inapenda fito zilizonyooka. Kwa hiyo 2.42 ndiyo namba inayonakiliwa zaidi, na hivyo ndivyo ilivyofika kwenye lile jedwali langu.

Kuhusu Kirschmer mwenyewe niongeze jambo moja, kwa sababu historia ya namba ni historia ya watu. Katikati ya miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Wanazi, alikuwa mkuu wa chuo cha ufundi cha Dresden. Fomula haina chama, lakini aliyeiandika alipanda cheo katika miaka ambayo wenzake wengi walikuwa wakifukuzwa vyuoni, na vitabu vinavyobeba jina lake havisemi neno juu ya hilo.

Haya, turudi kwenye hesabu. Nilichukua mfano wa kawaida: fito za mstatili za milimita 10, nafasi za milimita 50, kasi ya mita 1 kwa sekunde, chekeche lililolala nyuzi 75. Jibu linatoka milimita 14. Ni kidogo sana, karibu upana wa kidole. Kama mfereji unapitisha mita za ujazo 100 kwa sekunde, hizo milimita 14 ni kilowati 14 hivi. Mtambo wa umeme hautalia kwa ajili ya hizo.

Kabla ya kuendelea, onyo kwa wenzangu wa programu. Kasi katika fomula hii ni ile ya mbele ya chekeche. Kuna fomula nyingine vitabuni zinazotumia kasi ya katikati ya fito. Katika mfano wetu kasi ya katikati ni mita 1.2, na kwa kuwa kasi inapandishwa kwa kipeo cha pili, ukichanganya hizo mbili jibu lako linazidi kwa asilimia 44. Programu haitakwambia kitu. Itakupa jibu lenye desimali sita kwa heshima zote.

Sasa acha majani yaje. Tuseme yameziba nusu ya kila nafasi, sawasawa. Ni kana kwamba fito zimenenepa kutoka milimita 10 hadi 35 na nafasi imebaki 25. Nikiweka namba hizo, milimita 14 zinageuka kuwa 187. Mara 13! Umeziba nusu, upotevu haukuongezeka mara mbili wala mara nne. Ile kilowati 14 sasa ni 183. Endelea kuziba mpaka nafasi ibaki milimita 10 kati ya 50 na fomula inadai mita 1 nzima. Hapo siiamini tena neno kwa neno, kwa sababu fomula ilitungwa kwa chekeche safi, na maji yakishapanda hivyo kasi ya mbele nayo inabadilika. Ila mwelekeo ni wa kweli. Kwa ile nusu nilijaribu pia njia ya Borda peke yake: kasi katikati ya fito ni mita 2.4, tofauti na kasi ya mbele ni 1.4, inatoka sentimita 10, na hapo bado sijahesabu kubanwa kwa mkondo kwenye kona. Ukihesabu, unapita sentimita 18. Kwa hiyo mzee wa 1766 na kijana wa 1926 wanakubaliana kwamba mambo yanaharibika haraka.

Hapa ndipo nilipoacha kuiona 2.42 kama namba muhimu. Umbo la fito linaweza kukuokolea theluthi mbili ya milimita 14. Majani ya siku moja ya mvua yanazidisha kwa 13.

Wahandisi walilijua hilo. Mwaka 1928, palepale Munich, Spangler alipima maji yanayolifikia chekeche kwa mshazari badala ya moja kwa moja, akakuta upotevu unapanda mara kadhaa. Lakini taka zenyewe hazipendi maabara. Fito unaweza kuzipima kwa rula. Taka leo ni majani ya mti fulani, kesho ni godoro. Mpaka mwaka 2002 ndipo Hubert Meusburger, katika tasnifu yake kule ETH Zürich, alirudia kazi yote tangu mwanzo na kuipa hali ya kuziba kipengele chake katika fomula. Badala ya s/b yeye anatumia P/(1−P), ambapo P ni sehemu ya eneo iliyofungwa na vyuma, kwa kipeo cha 1.5. Ukiwa na karatasi jaribu mwenyewe: kama vyuma ni fito tu, P/(1−P) ni s/b ileile imevaa koti jingine. Uzuri wake ni kwamba inakuruhusu kuhesabu pia vile vyuma vya kulala vinavyoshikilia fito, ambavyo s/b haivioni.

Je, kweli majani yanaweza kuleta shida kubwa? Jioni ya 1 Desemba 2009, katika kituo cha nyuklia cha Cruas nchini Ufaransa, mto Rhône ulileta mimea mingi kwa mpigo. Machekeche kwenye mlango wa maji wa kinu namba 4 yakaziba, na maji ya kupoza yakakatika. Kinu kilizimwa, lakini kinu cha nyuklia kinaendelea kutoa joto hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo ilibidi watumie njia za dharura kwa saa kadhaa mpaka wakafungua njia. Tukio lilipewa ngazi ya 2 katika kipimo cha kimataifa chenye ngazi 7. Majani! Si tetemeko, si kirusi cha kompyuta.

Karibu na kwetu ni Jinja. Kituo cha Owen Falls, siku hizi Nalubaale, kilifunguliwa 1954, na tangu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 Kenya ilikuwa ikinunua umeme wa huko. Miaka ya 1990 gugumaji lilipotapakaa Ziwa Victoria, mikeka yake ilielea mpaka kwenye mlango wa maji wa kituo na kutatiza kazi. Watu wa Kisumu wanalifahamu gugu hilo kwa sababu ya samaki na boti. Upande wa Jinja lilikuwa pia suala la fito na nafasi.

Na mahali ambapo hakuna mtambo wowote, kuna kalavati. Tarehe 17 Agosti 1998 mvua kubwa ilipiga mji wa Wollongong nchini Australia, na makalavati mengi yakaziba kwa matawi, mawe na hata magari. Maji yakapanda juu ya barabara na kutafuta njia kupitia nyumba ambazo ramani za mafuriko zilisema ziko salama. Baada ya hapo baraza la mji lilitunga kanuni ninayoipenda kwa ukali wake: kalavati lenye mlango usiofika mita 6 kutoka kona hadi kona lilipaswa kuhesabiwa kwamba limeziba lote. Hakuna β, hakuna kipeo. Wapo waliolalamika kwamba kanuni hiyo iliongeza gharama kupita kiasi, na ni kweli iliongeza. Binafsi naona ilikuwa hesabu ya kiume, kwa sababu ilikubali kwamba siku ya mafuriko hakuna mtu atakayeshuka na reki.

Sisi tuna Mai Mahiu. Alfajiri ya 29 Aprili 2024 maji yaliporomoka na kuua zaidi ya watu 45. Mwanzoni ilisemwa ni bwawa limepasuka. Baadaye wizara ya maji ikaeleza kwamba kalavati chini ya tuta la reli lilikuwa limezibwa na taka, miti na udongo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka likaachia. Hapo hapakuwa na fito za kuhesabu. Lakini ukilitazama kalavati kama nafasi moja kubwa kati ya fito mbili, ni b iliyoelekea sifuri.

Kwenye programu niliyokabidhi, basi, 2.42 ipo, ina jina la Kirschmer na mwaka 1926 kando yake. Juu yake nimeweka sehemu ya lazima ya kuingiza asilimia ya kuziba, na haikubali kuachwa wazi. Mhandisi aliniuliza kama anaweza kuweka sifuri. Anaweza, ila ripoti inachapisha pia jibu la asilimia 50 na la 80, kwa ukubwa uleule wa herufi.

Kuna jambo moja ambalo bado nalitafakari. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 juu ya mikunga wa maji baridi imesukuma wenye mitambo kupunguza nafasi kati ya fito ili samaki wasiingie kwenye tabaini. Nikichukua fito zetu za milimita 10 na kuteremsha nafasi kutoka 50 hadi 20, upotevu wa chekeche safi unapanda mara 3.4, na nafasi ya milimita 20 inashikwa na majani upesi kuliko ya 50. Ndiyo maana watafiti kama wale wa Poitiers nchini Ufaransa, waliochapisha vipimo vyao mwaka 2013, wamerudi tena kwenye mifereji ya maabara na kuanza kupima fito upya, pamoja na yale maumbo ya samaki ambayo yalikuwa ghali mno kwa vituo vingi. Nikipata muda nitaongeza fomula zao kwenye programu. Anayezitumia kazini aniandikie hapo chini, hasa kama amezijaribu kwenye mfereji wenye matope kama yetu.